Kutu Iliyokaangwa kwa Mawese

Niliporudi shuleni kumaliza darasa la sita la sekondari, binti yangu alikuwa na miezi minane na meno mawili, na prefe, mkuu wa shule, alikuwa na ufunguo wa labo, chumba cha majaribio. Labo yenyewe haikuwepo tena. Majeshi mawili ya wageni yalikuwa yamepigana ndani ya mji wetu wa Kisangani, kila moja likisema limekuja kutukomboa, na bomu la mojawapo lilipita kwenye paa la labo na kutokea ukutani. Vilivyobaki, yaani chupa, mizani na meza, vilibebwa na watu. Nadhani wengine walikuwa wazazi wetu. Ufunguo ulibaki. Prefe alitembea nao kwenye mshipi, na alipokuja darasani tulimsikia kabla hatujamwona.

Nilikuwa nasoma hesabu na fizikia. Kilichobaki kilikuwa mtihani wa Serikali tu, ule wa mwisho, ambao bila karatasi yake wewe ni mtu aliyekalia benchi miaka sita na kuchakaza sketi. Baba wa mtoto alikuwa ameteremka na mto kwenda kununua chumvi na sabuni, vita ikaufunga mto nyuma yake. Hakufa. Hakuandika pia. Nilimwekea hasira miezi mingi, mpaka nikaona nagombana na mtu aliye mbali, nikaihamishia kwa prefe, ambaye alikuwa karibu.

Prefe alikataa kuniweka kwenye listi ya watahiniwa. Alinieleza sababu kwa upole, kama mtu anayekusomea maandishi ya dawa. Mwaka wa tano nilikosa kazi zote za mikono za fizikia, yaani majaribio ya labo, kwa hiyo nina sifuri, na mwenye sifuri hiyo hapelekwi. Nikamkumbusha kwamba nilizikosa kwa sababu yeye mwenyewe alinirudisha nyumbani siku tumbo lilipoonekana. Akasema ni kweli, na kwamba ndiyo sababu hawezi kusema hajui nilikuwa wapi. Kisha, ili asionekane mbaya mbele ya professa, mwalimu wetu wa fizikia, aliyekuwa amekaa pale, akasema nikileta jaribio moja zima, nimelifanya mwenyewe, na nikaweza kulitetea, atafuta ile sifuri. Nilikuwa na wiki mbili kabla listi haijaondoka.

Nikauliza nitalifanya kwenye labo gani. Prefe akajibu kwamba swali hilo haliko kwenye programu.

Professa wa fizikia alikuwa kijana bado, mwembamba, mwenye baiskeli isiyo na breki. Alikuwa amesoma chuo kikuu hapa hapa mjini mpaka kilipofungwa, na daftari zake zilikuwa zimeliwa pembeni na mchwa, kwa hiyo kila sentensi yake ilikosa neno la mwisho. Alipekua, akasimama kwenye ukurasa mmoja, akasema huu ndio unaonifaa. Ulihusu sumaku, mwanga, na oksidi za chuma. Alinieleza tukiwa tumesimama uani, mtoto akiwa mgongoni kwangu anatafuna kola yangu. Akasema mwanga unatikisika ukienda, na kuna oksidi zenye chuma ndani yake ambazo ni angavu kama kioo. Ukipitisha mwanga humo huku sumaku iko karibu, ule mtikisiko unageuka: ulioingia umesimama wima unatoka umeinama kidogo.

Nikamuuliza hiyo oksidi naipata wapi.

"Ulaya," akasema. "Hapa tuna kutu. Kutu nayo ni oksidi ya chuma, usiidharau. Tafuta kutu inayosikia sumaku, isage iwe laini kuliko unga, itie kwenye mafuta ya taa, iweke katikati ya vioo viwili, halafu uone mwanga unafanya nini. Hutaona kugeuka, lakini kitu utaona."

"Kitu gani?"

Akaangalia daftari. Mchwa walikuwa wamekula hapo.

Kutu haikuwa tabu. Mama yangu, ambaye alikuwa anauza sombe, majani ya muhogo, sokoni, alikuwa amefagia vipande vya bomu uani kwetu na kuvitia kwenye beseni bovu nyuma ya choo, ili mjukuu wake asije akavitia mdomoni. Mvua ya Kisangani haichelewi. Vilikuwa vyekundu vyote, vinabanduka kama magome. Nilivikwangua kwa kisu siku mbili, nikapata kopo zima la unga mwekundu. Sumaku niliazima kwa jirani, mzee mmoja tuliyemwita tonton, ambaye redio yake ilikuwa imekaa kimya tangu mawe ya redio, yaani betri, yapotee dukani. Aliifungua spika mwenyewe, akanipa ile sumaku ya duara yenye tundu katikati, akanihesabia siku za kuirudisha kama mtu anayetoa mtoto wake alelewe.

Nikasogeza sumaku kwenye ule unga. Vipande vya chuma vyenyewe viliirukia, lakini unga wao mwekundu ulikaa pale pale. Nikausaga tena. Ukawa laini zaidi, ukakaa pale pale. Professa alipita jioni, akautia kidole, akasema alisahau kuniambia: kutu nyekundu haisikii sumaku vizuri, inayotakiwa ni nyeusi. Nikamuuliza nyekundu inageuzwaje nyeusi. Akasema kwenye kitabu wana tanuri na gesi. Nikamuuliza sisi tuna nini. Akapanda baiskeli yake.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Nilianza upya kwa kuuosha ule unga, maana ulikuwa na udongo na manyoya ya kuku. Kuuanika haikuwezekana, mvua ilikuwa inanyesha na kukatika, kunyesha na kukatika. Nikachukua kikaango cha mama, nikakiweka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, yenye makala machache, nikamwaga matope yangu humo yakauke. Sikukiosha kwanza. Asubuhi mama alikuwa amekaangia makemba, zile ndizi za kupika, na chini kulikuwa na mawese yaliyoganda, unene wa kidole. Niliona. Nikasema kutu haijali.

Kisha mtoto akaamka. Nikaenda kumnyonyesha, na kwa meno yake mawili nilikuwa na mambo mengine ya kufikiria. Harufu ilinikuta kwenye mkeka. Nilipofika jikoni moshi ulikuwa umeshafika kwa majirani, na kwenye kikaango kulikuwa na kitu cheusi, kimekauka, kama masizi yaliyosagwa. Kazi ya siku tano. Mama naye aliingia wakati huo huo, na kapu kichwani.

"Unakaanga nini?"

"Kutu."

Akateremsha kapu. Akaangalia kikaango muda mrefu.

"Na mafuta yangu."

"Yalikuwa yamebaki chini."

"Watu ya Bafwasende wamekimbilia kwenye pori, wanakula sombe ya maji na chumvi hawana," mama akasema. "Weye iko na mawese, unakaangia bomu."

Akakichukua kikaango kwa kitambaa, akatoka nacho nje, akakigonga kwenye jiwe. Ule unga mweusi ukamwagika chini, pale nilipokuwa nimeiacha sumaku. Ikaota ndevu. Siongezi neno: ndevu nyeusi zilisimama kuizunguka yote, ndani ya tundu na nje, na nilipoizungusha zilizunguka nayo. Mama alisimama na kikaango mkononi. Akaniambia nikimaliza kucheza nitakisugua kwa mchanga mpaka aone uso wake.

Professa, nilipompelekea, alifurahi kuliko inavyomstahili mtu mzima. Akasema mawese yakiungua yanatafuta oksijeni kila mahali, na kama hewa haiyafikii chini ya kikaango, yanaiba kwenye kutu. Kutu iliyoibiwa oksijeni kidogo inakuwa nyeusi, na nyeusi ndiyo inayotii sumaku. Oksidi ile ile, imenyang'anywa. Nikamwambia hapo nimeelewa vizuri, hana haja ya kuchora.

Kuanzia hapo ilikuwa kusaga. Nilisaga juu ya jiwe la pilipili siku tatu, mkono mmoja kwenye jiwe na mwingine ukimzuia mtoto, ambaye alitaka sana kuonja. Nilitia mafuta ya taa, nikatia sabuni kidogo iliyokunwa ili chembe zisishikane, nikatikisa kwenye chupa, nikaacha nzito zizame, nikamimina za juu tu. Hizo za juu hazikuzama. Yalikuwa mafuta ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, tena ukiyasogezea sumaku yote yaliinama upande mmoja wa chupa. Vioo vilikuwa tele, nusu ya madirisha ya mtaa yalikuwa chini. Nikachagua viwili, nikatia matone katikati, nikaziba pembeni kwa nta ya mshumaa.

Jiko letu lilikuwa na tundu la risasi kwenye bati, na saa nne asubuhi jua lilipita hapo likaweka doa chini, la ukubwa wa kifungo. Nikaweka karatasi nyeupe chini, nikafunga mlango, nikashika vioo vyangu njiani. Doa likawa la kahawia, hafifu, kama limeoshwa kwa maji machafu. Nikaleta sumaku ya duara, nikailaza juu ya vioo, ili mwanga upite kwenye tundu lake. Doa likawa jeupe. Nikaiondoa, likafifia. Nikairudisha, likawa jeupe. Hakuna nilichoongeza wala kupunguza. Jua lile lile, mafuta yale yale. Nilifanya hivyo mpaka jua likahama tundu.

Nikaandika ukurasa mmoja wa Kifaransa, kwa mwandiko mzuri: sumaku ikiletwa karibu na oksidi nyeusi iliyotawanywa kwenye mafuta, mwanga unaopita unaongezeka. Hapo nilikosea, lakini sikujua.

Siku ya kutetea tulikuwa wanne ofisini kwa prefe: yeye, professa, mimi, na mtoto mgongoni. Mama alikuwa sokoni, na huwezi kumwacha mtoto wa miezi minane na barua. Ofisi ilikuwa na madirisha ya bati, na matundu hayakukosekana. Kulikuwa na moja zuri kuliko la kwetu. Prefe alisoma ukurasa wangu kwa sauti, akatafuta kosa la Kifaransa, hakulipata. Kisha akasema haniruhusu kugusa sumaku, kwa sababu watu wana ujanja wa mikono. Ataishika mwenyewe.

Nikashika vioo kwenye mwanga. Doa likaanguka kwenye karatasi, la kahawia. Prefe akashika sumaku kwa ncha za vidole, kama sahani ya moto, akaileta kutoka pembeni, ubavuni mwa vioo.

Doa halikuwa jeupe. Lilivutika. Likawa mstari mwembamba uliolala juu ya karatasi, na katikati yake pakawa hafifu kuliko kabla.

"Umeandika unaongezeka," prefe akasema. "Miye naona umelala."

Professa alifungua mdomo. Prefe akainua kiganja. "Pardon, professa. Ni kazi yake, ajibu yeye. Kama hawezi, iko sifuri mara mbili, na tunafunga listi."

Listi ilikuwa mezani mbele yake, pamoja na kalamu. Majina yalikuwa yameandikwa yote, na chini kulikuwa na nafasi ya jina moja.

Ukweli ni kwamba sikujua. Sikuwahi kuileta sumaku kutoka pembeni. Nilikuwa nimeipata njia moja inayonipendeza, nikaifuata hiyo tu, kama mjinga. Nilimchukia prefe kwa kunishika pale, na nilijichukia kwa kumpa pa kunishika. Mtoto alikuwa anavuta nywele zangu moja moja. Niliangalia ule mstari kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuangalia. Prefe alichoka mkono, akaishusha sumaku kidogo akiipitisha kuzunguka vioo. Mstari nao ukageuka juu ya karatasi. Akaipandisha, ukarudi.

"Fanya tena," nikamwambia.

"Nini?"

"Shusha mkono. Polepole."

Akashusha, nadhani kwa sababu hakuzoea kuamriwa. Mstari ukageuka. Kila upande sumaku ilikovutia, mstari ulilala kuikata njia ile ya kuvuta, hata mara moja haukuifuata. Hapo nikajua. Ndevu zinasimama kwa kufuata sumaku. Chembe za ndani ya mafuta ni ndevu zile zile, ndogo tu, zinajipanga mistari. Na mimi mistari naijua, kwa miguu.

"Prefe, unajua lile shamba la zamani la michikichi, njia ya Bengamisa?"

Akasema analijua, na kwamba halina uhusiano.

"Ile michikichi ilipandwa na watu wa kupima kwa kamba. Ukisimama mwanzo wa mstari, unaona mpaka mwisho wa shamba, hata mtu anayetoka na kapu ule upande unamwona. Ukihama hatua mbili ukasimama pembeni, ni ukuta wa miti. Unachungulia huku, unachungulia kule. Miti ni ile ile. Haikuongezeka."

"Alors? Kwa hiyo?"

"Alors, chembe ziko kama ile miti. Sumaku ndiyo kamba. Mimi nimeiweka ili mistari ielekee kule mwanga unakoelekea, mwanga umepita katikati. Weye umeileta kwa ubavu, mistari imelala mbele ya mwanga, inabidi utoke kwa kuchungulia huku na huku. Ndiyo huo mstari unauona."

Kisha nikafanya kitu ambacho hakifanywi. Nikamshika prefe mkono, pale juu ya saa yake, nikaupeleka mpaka sumaku ikalala juu ya vioo na tundu lake likakaa kwenye mwanga. Doa likakusanyika. Likawa jeupe.

"Jaribio haliongopi," nikamwambia. "Ni weye ulisimama pembeni. Na miye nilikosea kuandika njia moja. Nitaandika zote mbili."

Nikauacha mkono wake. Professa alikuwa anaangalia karatasi, siyo sisi. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Iko juste. Ni sahihi."

Prefe akaileta sumaku kutoka pembeni, akaangalia. Akailaza juu, akaangalia. Akaileta upande wa pili. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko jaribio linavyohitaji, na alianza kutoa ulimi pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Nilimwacha. Mikono yangu ilikuwa inauma kwa kushika vioo.

Alipotosheka alikohoa, akawa prefe tena. Akasema sifuri imefutwa. Akasema pia kwamba vioo vitabaki shuleni, kwa sababu Jumatatu inspekta anakuja kuangalia kama shule ina labo, na isiyo na labo inafungiwa darasa la fizikia. Atavifungia kwenye kabati. Akagusa ufunguo wake wakati anasema hivyo.

Kumbe. Wiki mbili nilikuwa nadhani mimi ndiye ninayehitaji kitu.

Nikavitoa vioo kwenye mwanga, nikavifunga ndani ya kitambaa, nikavitia chini ya kitenge, ubavuni mwa mtoto. Sumaku nayo nikaichukua mezani. Ilikuwa ya tonton.

"Jina kwanza," nikasema.

Akachukua kalamu. Akaandika jina langu kwenye ile nafasi ya chini, lote, vizuri. Kisha kalamu ikasogea kulia, kwenye safu nyembamba ya maoni ambayo hakuna aliyeandikiwa kitu, akaandika maneno mawili ya Kifaransa. Niliyasoma kichwa chini. Maana yake ni msichana aliyezaa nyumbani kwao, bila ndoa. Niliangalia juu ya jina langu. Kulikuwa na mmoja aliyerudia darasa la sita mara tatu, safu yake nyeupe. Kulikuwa na mwingine aliyempiga professa wa kemia, nyeupe. Kulikuwa na yule aliyekwenda kubeba bunduki akarudi, nyeupe. Na ninawajua wavulana wawili kwenye ukurasa ule waliokuwa na watoto, tena mmoja alikuwa nao kwa mama wawili. Nyeupe na nyeupe.

"Futa," nikamwambia.

"Haiwezekani. Listi yenye kufutwa wanaikataa kwa inspekta."

"Basi andika ingine."

"Majina iko zaidi ya makumi tatu, mama."

"Miye sina haraka. Mutoto atanyonya."

Akamwangalia professa, akitafuta msaada. Professa alisimama, akafungua kabati, akatoa karatasi safi na rula, akaviweka mbele yake. Akakaa tena. Prefe akachora mistari. Akachora safu. Nikavuta kiti, nikamshusha mtoto mgongoni, nikafungua blauzi, nikamnyonyesha mbele ya meza yake, kwa sababu ilikuwa saa yake ya kunyonya na hapo ndipo nilipokuwa. Prefe aliandika bila kuinua kichwa. Jua lilihama kwenye tundu la bati, likaja mezani, likatoka. Mara moja aliruka jina, nikamwonyesha, akararua, akaanza tena.

Alipomaliza aliigeuza karatasi upande wangu. Niliisoma yote kuanzia jina la kwanza, polepole, maana sikumwamini. La mwisho lilikuwa langu. Safu ya kulia ilikuwa nyeupe toka juu mpaka chini. Nikamwambia aigonge muhuri. Akaugonga. Ndipo nikaingiza mkono chini ya kitenge, nikampa vioo vyake.